Sufuria ya Shaba na Mpishi Aliyepoteza Jina

"Mjomba, mpishi akipoteza jina lake, analiokota wapi?"

Haya! Hilo ndilo swali. Wakubwa wengi wakikaa mezani huuliza bei ya chakula na nyama iko wapi. Wewe umeuliza jina la mpishi. Kichwa chako kinachemka vizuri, mwanangu. Usikiepue mapema.

Nitakujibu, lakini si kwa mdomo wangu. Nimemwita mgeni aliyekaa jikoni miaka mingi kuliko mimi. Amewaona wapishi wakipanda. Amewaona wakishuka. Na wachache amewaona wakipanda tena. Mgeni huyo ni sufuria.

"Sufuria, Mjomba? Ile ya bukari?"

Hapana. Ile ya bukari ni ya alumini, na sasa hivi iko kwenye mbabula, ina kazi yake. Huyu ni sufuria wa shaba. Ni mwekundu, ni mzito, ana mkono mrefu. Katika hoteli kubwa za Ulaya wapishi humtundika ukutani pamoja na ndugu zake, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Na Kiswahili anakijua, kwa sababu asili yake ni huku kwetu.

"Sufuria anaweza kusema?"

Kwenye hadithi anaweza. Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

"Hamjambo, watoto wa Kolwezi," akasema sufuria. "Mnaniona nimeng'aa, mnadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa jiwe. Tena jiwe la kijani! Mnalijua?"

"Tunalijua! Malakiti!"

"Safi sana. Malakiti. Ndani ya kijani kile mna shaba nyekundu imejificha. Wazee wenu wa kale waliligundua jambo hilo kabla ya treni na kabla ya magari makubwa. Wasanga walilijua. Wayeke walilijua. Kiangazi kilipofika, kazi za shamba zikiwa zimepungua, mafundi walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu. Wakaweka makala, wakaweka mawe ya kijani, wakavuta mivukuto. Vuu! Vuu! Vuu! Moto ukapanda."

"Ukapanda mpaka wapi?"

"Swali la fundi hilo! Shaba haiyeyuki kwa moto wa kupikia maharage. Inataka joto la digrii 1,085. Maji yako ya chai huchemka kwenye 100 tu. Basi shaba ikayeyuka, ikatiririka, wakaimimina kwenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Ilinunua chumvi, ilinunua jembe, ililipa mahari. Mingine imekutwa kwenye makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, mto huu huu wa Lualaba ukienda kaskazini.

"Baadaye zikaja kampuni. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière. Mwaka 1931 reli ikaunganishwa mpaka bandari ya Lobito, kule Angola, shaba ikaanza kusafiri kuelekea bahari ya magharibi. Mwaka 1937 mji wenu wa Kolwezi ukaanzishwa kwa ajili ya migodi. Serikali iliitwaa kampuni ile mwaka 1967, na ndiko ilikotoka Gécamines ambayo babu zenu wameifanyia kazi. Mwaka 2015 Kolwezi ukawa makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Na leo Kongo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile."

"Kwa hiyo wewe ulitoka Kolwezi hasa? Musonoi? Kamoto?"

Sufuria akacheka, kifuniko kikagonga.

"Shaba haina kitambulisho, mtoto wangu. Ikishayeyushwa imechanganyika. Sehemu yangu moja huenda imetoka Kolwezi, nyingine Zambia, nyingine Chile. Lakini nilipelekwa Ufaransa, kwenye mji mdogo uitwao Villedieu-les-Poêles, ambako watu wamefua sufuria za shaba kwa mamia ya miaka. Huko nikapigwa nyundo. Ko! Ko! Ko! Nikaingia jikoni."

"Kwa nini wapishi wakubwa wanakutaka wewe? Alumini ni nyepesi."

"Ni nyepesi, na bei yake inakubalika. Mimi wananipendea utii. Shaba hupitisha moto upesi, zaidi ya mara 20 kuliko chuma kisichoshika kutu. Moto ukiongezwa, nasikia palepale. Moto ukipunguzwa, nasikia palepale. Mchuzi wa mayai unaoharibika ukizidishiwa moto kidogo tu, kwangu unasalimika. Sukari inayotaka kuungua, kwangu inasimama inapoambiwa simama.

"Lakini nina udhaifu wangu. Nausema wazi. Shaba huchafuka."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Shaba huchafuka, shaba hutakata. Kumbukeni maneno hayo mawili, maana hadithi yote imo humo.

"Nje huwa nafifia. Nakuwa kahawia, mahali pengine nakuwa kijani. Uchafu wa nje ni mdogo. Kata ndimu, tia chumvi, sugua. Mama akikupa dakika chache, wekundu umerudi. Kazi iko ndani. Ndani wamenipaka bati, tabaka jembamba jeupe. Bati linazuia chakula kisigusane na shaba, kwa sababu chakula chenye ndimu, siki au nyanya kikilala ndani ya shaba tupu, shaba huingia kwenye chakula. Atakayekila atatapika, tumbo litamsokota."

"Sufuria inageuka sumu?"

"Inageuka. Ni sufuria ile ile, mkono ule ule, ukutani inapendeza vile vile. Lakini bati limelika kwa miiko na kwa miaka, na mpishi mvivu hakutazama ndani. Siku hiyo sufuria imepoteza jina."

"Wanaitupa?"

"Mpishi mjinga huitupa. Mpishi mjinga zaidi huing'arisha nje na kuendelea kupika. Mpishi mwenye akili huipeleka kwa fundi. Fundi hukwangua mafuta ya zamani yote. Huiweka juu ya moto. Huinyunyizia unga mweupe wa salamoniaki, moshi ukapanda puu! Halafu anasugua kipande cha bati ndani yangu. Bati huyeyuka kwa digrii 232, mapema sana kuliko mimi. Kinachoyeyuka anakipangusa haraka kwa pamba, mviringo baada ya mviringo, mpaka ndani kote kuwe kweupe. Bati lenyewe hutoka hata Kongo: Manono katika mkoa wa Tanganyika, na Bisie kule Walikale. Inauma? Moto huuma. Lakini kesho yake naweza kupikia mtoto mchanga uji.

"Shaba huchafuka, shaba hutakata. Na mpishi vivyo hivyo. Ngojeni niwaambie ya wapishi wawili."

"Subiri kwanza! Nani anampa mpishi jina? Nani anasema huyu mkubwa, huyu mdogo?"

Mnaona? Sufuria alitaka kukimbia, mtoto amemshika mkono. Vizuri. Usikubali hadithi irukwe sehemu.

"Kwenu jina analitoa mlaji," sufuria akasema. "Mama mmoja anauza michopo, mwingine anauza bukari na sombe. Watu wanapanga mstari kwa mmoja, mwingine anafukuza nzi. Mstari huo ndio jina. Katika hoteli za kifahari kuna mlaji lakini pia kuna vitabu, magazeti na tuzo. Kitabu mashuhuri kuliko vyote kilitolewa na watu wa magurudumu."

"Magurudumu? Ya lori?"

"Ya gari! Mmeona malori yanayobeba shaba na kobalti kwenda Likasi na Lubumbashi, matairi yake yakiwa makubwa? Basi ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walikuwa wanatengeneza matairi. Magari yalikuwa machache. Wakafikiri: watu wakisafiri sana, matairi yataisha, watanunua mengine. Mwaka 1900 wakatoa kitabu cha bure kuwaonyesha madereva pa kulala, pa kula na pa kutengeneza gari. Mwaka 1926 wakaanza kuwapa wapishi nyota. Baadaye nyota zikawa ngazi tatu. Moja: mpishi huyu mzuri, ukipita simama. Mbili: hata ukiwa na njia nyingine, geuza gari umfuate. Tatu: toka nyumbani kwako kwa ajili yake peke yake.

"Wakaguzi wao huja kimya. Hawasemi ni nani. Wanakula, wanalipa, wanaondoka. Nyota si mali ya mpishi. Kila mwaka inaweza kuongezeka na inaweza kuondolewa. Mpanda ngazi hushuka, na wapishi ngazi yao ni ndefu."

"Sasa tuambie ya hao wawili."

"Wa kwanza si mtu mmoja, ni jiko zima. Denmaki, katika mji wa Copenhagen, palikuwa na mgahawa uitwao Noma. Mwaka 2010 ulitajwa kuwa bora duniani katika orodha ya migahawa 50. Mwaka 2011 tena. Mwaka 2012 tena. Watu walipanda ndege kwenda kula mwani na majani ya msituni.

"Halafu, Februari 2013, katika siku chache tu, wageni 63 waliokula pale waliugua. Kutapika na kuendesha, kwa sababu ya virusi."

"Sitini na watatu! Kwa mgahawa bora duniani?"

"Ndiyo, mtoto wangu. Virusi havisomi orodha ya washindi. Wakaguzi wa afya walipoingia jikoni waliandika mambo madogo, madogo kabisa. Mfanyakazi mmoja aliugua, akaandika barua pepe kuwaarifu, barua ikachelewa kusomwa. Na bomba moja la jikoni halikuwa na maji ya moto ya kunawia mikono. Hebu fikirini. Wapishi waliojua kupanga ua moja juu ya sahani kwa kibano, na bomba halitoi maji ya moto!"

"Wakafanya nini?"

"Wasingeweza kusema, 'Sisi ni bora, haiwezekani.' Tumbo la mgeni lilikwishatoa ushahidi. Waliomba radhi. Mwaka ule wa 2013 nafasi ya kwanza ikachukuliwa na mgahawa wa Hispania. Mwaka 2014 Noma wakarudi wa kwanza, na mwaka 2021 wakapewa nyota ya tatu ya Michelin. Wakati wa aibu yao hakuna aliyewauliza wamebuni chakula gani kipya. Waliulizwa: je, mnanawa mikono?"

"Mama pia anauliza hivyo hivyo!"

"Mama yako ni mkaguzi mkali kuliko wa Michelin. Msikilize. Hasa hapa Kolwezi, ambapo vumbi la barabara ya migodi linaingia mpaka kwenye kucha."

Hapo watoto wakatazama kucha zao. Na wewe tazama zako. Haya, tuendelee.

"Wa pili ni kijana. Jina lake Kwame Onwuachi. Baba yake ana asili ya Nijeria, mama yake ana asili ya Louisiana na visiwa vya Karibi. Alikulia New York, mtaa wa Bronx. Mama yake alipikia watu kwa malipo, akipika nyumbani. Kwame akiwa mdogo alikuwa anamenya, anakoroga, anaonja."

"Kama mimi na sombe!"

"Kama wewe na sombe. Ila Kwame alikuwa mtundu. Utundu ukazidi. Alipofika miaka kumi, mama akampeleka Nijeria, kijijini kwa babu yake, akajifunze heshima. Alidhani amekwenda likizo. Alikaa kama miaka miwili! Huko hakukuwa na bomba la kufungua tu. Maji yanachotwa. Kuku anafugwa kwanza, ndipo analiwa. Kwame akajua kwamba chakula kina safari kabla ya sahani."

"Akatulia?"

"Akatulia kidogo, kisha akachafuka tena. Aliporudi Marekani akakua, akaingia chuo kikuu, akafukuzwa kwa makosa yake mwenyewe. Ameyaandika katika kitabu chake, hakuyaficha. Akamfuata mama yake Louisiana. Mwaka 2010 mafuta yalimwagika baharini katika ghuba ya Meksiko, watu wakaenda na meli kusafisha. Kwame akawapikia wasafishaji ndani ya meli. Watu wachovu walikuwa wakila chakula chake wanatabasamu. Hapo akajua kazi yake ni ipi.

"Akarudi New York bila fedha. Unajua alipata wapi mtaji? Aliuza peremende ndani ya treni za mji. 'Peremende! Peremende!' Gari moja la treni baada ya jingine. Akaanzisha biashara ya kupika, kisha akasoma chuo cha upishi, akafanya kazi katika majiko makubwa ya mji ule. Akaonekana kwenye televisheni. Jina likapanda. Jina likakimbia."

"Likakimbia kuliko yeye?"

Ah, mwanangu! Hata sufuria alinyamaza kidogo aliposikia hivyo. Umeshika mzizi wa jambo.

"Kuliko yeye," sufuria akasema. "Novemba 2016 alifungua mgahawa wake Washington, uliitwa Shaw Bijou. Mlo wa mtu mmoja, bila kinywaji, ulikuwa dola 185."

"Dola 185! Tumbo moja?"

"Tumbo moja, usiku mmoja. Hapa kwenu fedha hiyo inanunua mifuko kadhaa ya unga wa mahindi. Watu wakanung'unika hata kabla ya kuonja. Nani huyu kijana anayetaka fedha yote hii? Waliokwenda, wengine walisifu, wengine wakaponda. Wageni wakawa wachache. Wenye mtaji wakachoka. Januari 2017, kabla haujatimiza miezi mitatu, mgahawa ukafungwa. Magazeti yakaandika. Wale waliopiga makofi jana, leo wakacheka. Alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, na jina lake likawa mfano wa kijana aliyeruka kabla hajaota mabawa."

"Alilia?"

"Ningekuwa yeye, ningelia. Kulia si kosa. Lakini kulia hakusugui sufuria.

"Angeweza kufanya lile la mpishi mjinga: kung'arisha nje. Kuajiri watu wa kumsemea vizuri. Kulaumu Washington, kulaumu wageni, kulaumu magazeti. Mwaka ule ule wa 2017 akaingia jiko jingine katika mji ule ule uliomcheka. Lilikuwa ndani ya hoteli kando ya mto, liliitwa Kith and Kin, yaani ndugu na jamaa. Na safari hii alipika nini?"

"Vya ghali zaidi?"

"Vya kwao! Wali wa jollof. Mbuzi wa mchuzi wa bizari kama wanavyopika Karibi. Egusi, yaani mbegu zile za jamii ya maboga ambazo ninyi mnaziita mbika. Vyakula vya mama, vya bibi, vya kijiji cha babu. Akavipika kwa ufundi wote aliojifunza kwenye majiko makubwa. Ndani ya sufuria alipaka bati jipya, na bati hilo lilikuwa nyumbani kwao.

"Mwaka 2019 akapewa tuzo ya James Beard ya mpishi chipukizi, tuzo kubwa kabisa ya wapishi wa Marekani. Novemba 2022 akafungua mgahawa mwingine New York, katika Lincoln Center, jumba la muziki na maigizo. Akauita Tatiana, jina la dada yake aliyemlea wakati mama yuko kazini. Mwaka 2023 gazeti la New York Times likapanga migahawa 100 bora ya mji ule. Wa kwanza nani?"

"Tatiana!"

"Tatiana. Katika mji ambao aliuza peremende ndani ya treni. Shaba huchafuka..."

"Shaba hutakata!"

Safi. Sauti yenu imefika mpaka Dilala. Lakini naona mmoja amekunja uso. Sema, mwanangu.

"Mjomba, mbona wale wa Noma waliumiza watu, na Kwame hakumuumiza mtu? Makosa yao ni sawa?"

Hapana, hayako sawa, na nakupongeza kwa kuyatenganisha. Kuna mpishi anayeanguka kwa uzembe: hakunawa, hakutazama ndani ya sufuria, mgeni akaugua. Kuna anayeanguka kwa haraka: jina limetangulia, mikono haijafika. Na kuna wa tatu, sufuria amewaona wengi: anayeanguka kwa ulimi. Huyo chakula chake kitamu, lakini jikoni anawatukana vijana, anarusha sahani, anachukua sifa za kazi ya wenzake. Zamani watu walimwita fundi mkali. Siku hizi wanamwita kwa jina lake halisi: mwonevu. Huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, maana hataisafisha sufuria kwa kupika vizuri zaidi. Kwanza atawatafuta wale aliowaumiza, mmoja mmoja. Na wao wana haki ya kumkubali, na wana haki ya kumkatalia.

"Akikataliwa je?"

Ataendelea kuwa mwema bila kupigiwa makofi. Jina likirudi, heri. Lisiporudi, watu anaowapikia leo bado wanastahili chakula safi.

"Na huku kwetu, Mjomba? Sisi hatuna nyota za matairi."

Kitabu kile hakitoi nyota hapa kwetu, ni kweli. Lakini msidhani ladha zetu hazijafika kwenye meza hizo. Yuko mpishi mmoja, Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo ile ya Brazzaville. Alikulia Ujerumani, akajifunza upishi wa Ulaya, kisha akarudi Afrika. Anazunguka nchi kwa nchi akiwauliza bibi zetu: hili jani mnalipikaje? huu mzizi mnaukaushaje? Mgahawa wake uko Kigali, unaitwa Meza Malonga. Wageni hutoka mbali kumfuata, na anachowapa kimetoka kwenye vikapu vya bibi.

Sasa hesabuni vya kwetu. Bukari laini iliyosongwa bila vidonge. Sombe iliyotwangwa kwenye kinu, ikapikwa mpaka harufu ya ubichi imekwisha, ndipo ikapewa mawese. Samaki wa ziwa Nzilo. Kikanda, ile ya mizizi ya porini na unga wa karanga, inayokatwa vipande. Munkoyo wa baridi mchana wa jua. Kila kimoja kina ufundi wake, na kila kimoja kimewahi kuharibika mikononi mwa mtu kabla hajajua. Sombe isiyoiva vizuri huumiza tumbo. Mama aliyekufundisha kuichemsha sana alifundishwa na mwingine, na huyo wa kwanza kabisa labda alikosea.

Wahunzi wa Katanga walijua pia. Tanuri likipasuka, walijenga jingine kwa udongo wa kichuguu kingine. Ndiyo maana Waswahili wanasema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sufuria anataka kuondoka, wateja wanamsubiri. Nani ana swali la mwisho?

"Mimi! Jana niliunguza bukari. Nilimwambia mama ni mbabula iliyowaka sana. Jina langu limepotea?"

Mnasikia? Huyu amevuka wapishi wengi wenye kofia ndefu, maana wao wangelaumu mbabula mpaka mwaka mwingine.

"Jina lako halijapotea," sufuria akasema. "Limefifia nje kidogo. Lakini usiliache lilale hivyo. Fanya mambo matatu. Kwanza sema: mama, ni mimi, nilikwenda kucheza nikaacha moto. Pili sugua: iloweke ile sufuria, chukua majivu, sugua mwenyewe mpaka weusi utoke, usimwachie dada. Tatu pika tena: kesho omba mwiko, simama palepale, songa mpaka mwisho. Sema, sugua, pika tena. Noma walifanya hivyo. Kwame alifanya hivyo. Hakuna njia ya mkato, hata kwa mwenye nyota tatu."

Sema, sugua, pika tena. Semeni wote.

Sema, sugua, pika tena!

Basi swali lako la kwanza limejibiwa, mwanangu. Mpishi akipoteza jina, analiokota pale pale lilipoanguka, jikoni, kwa mikono iliyonawa. Wewe unayesoma hadithi hii Kolwezi, Likasi au Fungurume, kazi yako sasa ni kusoma na kuuliza. Waachie wakubwa kuchimba mawe. Leo jioni nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bukari, mshukuru aliyepika kwa kumtaja jina, na kama kuna sufuria uliyoiunguza ukaificha nyuma ya nyumba, kaitoe.